Retro za kikapu: pea tatu nilizovaa hapa Kigoma, soma kabla hujatoa hela

Naanza na ile iliyoniuma. Sendoff ya binti wa shangazi, Ujiji, jioni, nimetoka zangu Mwanga nimetulia, suruali nyeusi, shati jeupe limepigwa pasi, na chini nimevaa raba yangu ya retro ya boksi, pea ambayo tangu niinunue nilikuwa nimeivaa mara nne tu, mara nne ndani ya miaka mitano, naitunza kama hati ya kiwanja. Nashuka kwenye bajaji napiga hatua kama kumi hivi nasikia kisigino kinazama, halafu kama kuna kitu kinakatika, nageuka naona vipande vyeupe njiani kama mtu kamwaga makombo ya andazi. Soli ya kati, ile sponji iliyo kati ya mguu na mpira wa chini, imesagika. Ingekuwa imebanduka ningeelewa, gundi huwa inachoka, lakini hii ilisagika yenyewe, ukiigusa inakuwa unga unaonata kwenye vidole. Nilikaa sendoff nzima miguu iko chini ya kiti, na wakati wa kwenda kutunza nikamwomba mdogo wangu apeleke bahasha kwa niaba yangu. Shangazi hadi leo anajua nilikuwa naumwa mguu.

Laki mbili na themanini nilitoa pale. Sitaji jina la kampuni wala duka, sababu kama utakavyoona huko mbele hili sio la kampuni moja, ni la aina ya sponji.

Tangu siku ile nimekuwa mtu wa kuuliza na kusoma na kubonyeza soli za watu, na vijana wa kiwanjani kila wiki mmoja ananiuliza kaka hizi raba za kizamani za kikapu zinafaa au tunanunua jina, so naandika yote hapa, niliyovaa mwenyewe na ninayoyajua, pea tatu, zote za muundo wa zamani, zote nimezivaa hapahapa mwisho wa reli kwenye vumbi letu jekundu na mvua zetu.

Kwa asiyefuatilia, retro ni raba ya kikapu ambayo muundo wake ulitoka zamani kisha kampuni inairudisha tena kiwandani, umbo lilelile, rangi zilezile au mpya, wakati mwingine na boksi la kufanana na lile la kwanza. Na kitu ambacho wengi hawakifikirii ni kwamba hivi viatu siku vinatoka vilikuwa ndio kilele cha ufundi. Converse All Star ya 1917 ni turubai na mpira tu, lakini miaka ya 60 wachezaji wengi sana wa NBA, ile ligi kubwa ya kikapu ya Marekani, walikuwa wanachezea hiyo. 1969 Adidas wakaleta Superstar, ngozi chini ya kifundo na ile kofia ya mpira vidoleni, watu wakashangaa. Puma wakamtengenezea Walt Frazier wa New York Knicks ile Clyde mwaka 1973. Nike Air Force 1 ya 1982, kazi ya Bruce Kilgore, ndio ilikuwa raba ya kwanza ya kikapu ya Nike kuwa na ule mfuko wa hewa ndani ya soli. Halafu 1985 Air Jordan 1, iliyochorwa na Peter Moore kwa ajili ya mchezaji Michael Jordan, ikauzwa dola 65. Kila moja ilikuwa jibu la swali la mwaka wake, mguu unateleza, mguu unaumia, kiatu kinapasuka, basi wakabuni. Sasa wewe leo unanunua jibu la mwaka 1985, ukijua hilo hutalaumu kiatu kwa kitu ambacho hakikutengenezewa.

Na nazipenda, nisifiche. Mjomba wangu alikuwa mtu wa reli, kwenye chumba chake kulikuwa na picha ya Jordan imekatwa kwenye gazeti imebandikwa juu ya kitanda, yuko hewani miguu imechanuka, na mimi nikiwa mdogo nilikuwa siangalii mpira, naangalia viatu. Kuna kitu kwenye zile raba za zamani, ngozi nene, vipande vimeshonwa kimoja juu ya kingine unaona mistari ya uzi, soli pana inakaa chini vizuri, rangi mbili au tatu basi. Raba za siku hizi za kikapu ni kazi nzuri lakini nyingi zinafanana na chombo cha kurushwa angani, ukivaa na jinzi unakuwa kama umesahau kubadilisha kutoka mazoezini. Retro unaivaa na jinzi, na kadeti, na bukta, hata na suruali ya kitambaa kama mguu wa suruali umekatwa vizuri. Ijumaa unatoka kazini unaenda nayo Kibirizi kuangalia boti na jioni uko nayo kwa watu, haikuaibishi.

Halafu kuna hii hadithi ya Air Force 1 ambayo huwa naipenda sana. 1984 Nike walikuwa wameacha kuitengeneza, kwao ilikuwa imekwisha, ni wenye maduka wa Baltimore kule Marekani waliokuwa wanaona wateja wanakuja kuiulizia ndio wakabana mpaka ikarudi kwa rangi mpya kidogokidogo. Watu wa mtaani ndio waliokataa isife. Ile nyingine ya kwamba NBA waliipiga marufuku Jordan 1 nyeusi na nyekundu ipokee taratibu, barua ya ligi ilikuwepo kweli, Februari 1985, lakini wafuatiliaji wengi wanaamini kiatu kilichosababisha ile barua kilikuwa kingine, Nike Air Ship, na tangazo likaja baadaye kuuza Jordan 1. Ukiambiwa na muuzaji kwamba "hii ndio ile iliyokatazwa" na bei imepandishwa kwa sababu hiyo, usilipe hadithi, lipa kiatu.

Sasa pea yangu ya kwanza. Mtumba, soko la Mwanga, siku wanafungua belo. Jamaa alianza elfu 70, nikamwambia kaka mimi ni mwanafunzi, tukavutana mpaka 45,000. Ngozi nyeupe, fupi ya chini ya kifundo, soli ya mpira mtupu imeinuka pembeni kama bakuli na kuzungushiwa uzi, muundo wa miaka ya 80. Ilikuwa na mikunjo juu ya vidole, kamba moja imekatika, basi. Ile raba nimeivaa miaka miwili na nusu karibu kila siku, nimeshuka nayo na kupanda nayo mlima wa Mwanga, nimepanda nayo bodaboda mpaka upande mmoja ukakwaruzika, nimeingia nayo kwenye matope ya masika, na haikuwahi kunigeuka. Uzi wa pembeni ulipoanza kuachia nikaipeleka kwa fundi viatu pale karibu na soko, akaangalia, akasema kijana wangu hiki kiatu kina heshima, akapitisha uzi wa nailoni kwenye matundu yaleyale ya kiwandani, elfu tano, nikaondoka. Matundu yapo, uzi upo, sindano inapita. Hapo ndipo nilipotakiwa kujifunza na sikujifunza, maana pea iliyofuata nikaenda kwa macho.

Pea ya pili ndio ile ya sendoff. Muundo wa mwisho wa 80, ndefu, soli ya kati nene ya sponji imepakwa rangi, kisigino kina dirisha la kuonyesha hewa. Nzuri mpaka unaumia. Iliposagika niliipeleka kwa fundi yuleyule, akaibonyeza kwa dole gumba, dole likazama. "Hapa hamna pa kushika sindano." Akanirudishia.

Ngoja nieleze vizuri kilichotokea maana watu wanadhani niliuziwa feki. Haikuwa feki. Soli za kati za raba nyingi za kipindi kile ni sponji ya poliyurethani, Air Jordan 3 ya 1988 iliyobuniwa na Tinker Hatfield na Jordan 4 ya 1989 ni mifano ambayo kila mtu anaijua, na viatu vingi vya kampuni nyingine za muda huo vivyo hivyo, na zinaporudishwa kama retro mara nyingi zinarudi na sponji ya aina hiyohiyo. Viwanda viliipenda kwa sababu haibonyei ikabaki bapa haraka, inabeba uzito miaka. Adui yake ni maji, na hata hewa yenye unyevu inatosha, sio lazima uiloweke. Unyevu unaingia taratibu na kukata ile minyororo ya kikemikali inayoishikilia sponji, nje rangi inang'aa, ndani inageuka unga. Sasa fikiria sisi tuko kando ya ziwa Tanganyika, mvua zinaanza Oktoba au Novemba zinakwenda mpaka Aprili au Mei, nguo kabatini zinaota ukungu, na mimi kiatu nimekifungia ndani ya boksi, boksi ndani ya mfuko wa nailoni, mfuko juu ya kabati chini ya bati. Nilikuwa nakipika.

Na kinachouma zaidi ni kwamba kuvaa kungekisaidia. Watu wanaokarabati hivi viatu wanasema sponji inayokanyagwa mara kwa mara inasukuma unyevu nje, ile iliyokaa tu inaunyonya na kukaa nao. Yaani ile pea niliyoionea huruma ndio niliyoiua, na ile ya mtumba niliyoitesa ikaishi.

Kwa hiyo ukinunua retro yenye sponji nene, hasa ya mkononi au iliyokaa stoo, kabla ya kuangalia kitu kingine geuza kiatu, bonyeza pembeni ya soli ya kati kwa dole gumba kwa nguvu. Irudi. Ikibaki na shimo, au ukisikia kama mchanga ndani, au rangi ikipasuka vimistari vidogovidogo kama udongo mkavu, rudisha hata kama bei ni ya bure. Angalia na lebo ya ndani ya ulimi au pembeni, mara nyingi kuna tarehe za kutengenezwa, sponji yenye miaka zaidi ya kumi mimi siigusi tena hata iwe mpya kwenye boksi lake. Mwenzangu mmoja anasema kiatu kipya cha zamani ni hazina. Cha kuweka kabatini sawa, cha kutembelea kutoka Gungu mpaka stesheni hapana.

Zenye ganda la mpira lililoshonwa, hizi za 1969 mpaka kama 1985, Superstar, Clyde, Air Force 1, Dunk, Jordan 1, huo ugonjwa wa kusagika ukingo mzima hazina kwa namna ile sababu nje ni mpira. Mpira nao unazeeka, unakakamaa na ule mweupe unakuwa njano ukipigwa jua, lakini hauwezi kukuacha katikati ya barabara ukweni.

Sasa kuhusu kuchezea, hapa ndio vijana wanabishana na mimi. Kiwanja chetu ni sementi, kina nyufa, na kiangazi kuna vumbi jembamba juu yake kama poda. Nilichezea ile pea ya kwanza miezi kadhaa. Siku za mwanzo unajisikia mkubwa, mguu umekaa, ngozi imeshika. Baada ya robo ya pili magoti yanaanza kuongea. Soli ya mpira mtupu haikusaidii kutua, unaruka ribaundi unashuka na uzito wako wote unakwenda kwenye kisigino na unapanda mpaka kiunoni. Nilipima kwenye mizani ya duka la jirani, kiatu kimoja cha retro kilikuwa gramu 480, raba ya kisasa ya kikapu ya rafiki yangu saizi ileile ilikuwa 370, tofauti ndogo ukiishika mkononi lakini uinyanyue mara elfu mbili kwenye mechi moja uone. Na ile michoro ya duara chini ya ukanyagio, iliwekwa ili mchezaji azunguke kirahisi kwenye mbao, kwenye sementi yenye vumbi inajaa unakuwa unateleza, ilibidi kila tukisimama nifute soli kwa kiganja.

Ukitaka ushahidi mkubwa kuliko magoti yangu, Michael Jordan mwenyewe, tarehe 8 Machi 1998, New York, Madison Square Garden, alivaa Jordan 1 zake za zamani kabisa za msimu wa kwanza, akafunga pointi 42, na soksi zikalowa damu, viatu vilikuwa vinambana na miguu ilikuwa imeshazoea viatu vya miaka kumi na tatu mbele. Huyo ni mwenye kiatu. Jina lake ndio limeandikwa pale. Sasa wewe na mimi wa kiwanja cha sementi.

Na ile imani kwamba raba ndefu inakulinda usiteguke, urefu peke yake haukuzuii, nimeona watu wawili wameteguka wamevaa ndefu zimefungwa kamba mpaka juu. Mguu unalindwa zaidi na soli pana isiyoyumba na mazoezi ya kifundo kuliko ngozi iliyopanda juu. Kama unacheza kweli, una ligi, una mazoezi mara tatu kwa wiki, tafuta raba ya kikapu ya kisasa hata ya mtumba, utapata kwa elfu 50 au 60 ukiwa na subira. Tuna mtoto wetu wa Tanzania Hasheem Thabeet, 2009 alichaguliwa wa pili kwenye drafti ya NBA, pale timu zinapochagua wachezaji wapya, na Memphis Grizzlies, mbele ya James Harden, mbele ya Stephen Curry, huwa nawaambia wadogo zangu kiwanjani kikapu kinaweza kumtoa mtu hapa kikampeleka kule, na mguu ndio mtaji, usiutese kwa ajili ya picha. Vaa retro kwenda kiwanjani, ukifika badilisha.

Bei na ufeki. Hapa mjini utakutana na za aina tatu. Mtumba orijino, 35,000 mpaka 80,000 kutegemea ilivyochoka na muuzaji anajua anachouza au hajui. Kopi mpya dukani, 45,000 mpaka 65,000 hivi, boksi safi, karatasi ndani, inang'aa. Na orijino mpya ya kuagiza Dar, laki mbili kwenda juu, kuna wanaotaka laki tano. Mimi sina ugomvi na mtu anayenunua kopi akijua ni kopi kwa bei ya kopi, ugomvi wangu ni kopi inayouzwa laki na nusu. Nimeona dogo wa mtaani kwetu kakusanya hela ya kubeba mizigo bandarini miezi mitatu akapewa ngozi ya plastiki. Nilitaka kulia.

Cha kuangalia: nusa kwanza. Kopi nyingi zinanuka gundi kali inayoingia kichwani, orijino mpya ina harufu lakini haikukimbizi. Kunja kiatu sehemu ya vidole, ngozi halisi inatengeneza mikunjo midogo mingi na inarudi, plastiki inatengeneza mkunjo mmoja mkali kama karatasi, baada ya mwezi hapo ndipo inapopasuka. Fuata uzi wa mshono na kidole kuzunguka soli, usipotee, usiruke. Linganisha kulia na kushoto, urefu wa ulimi, nembo zimekaa usawa mmoja. Kwa Nike lebo ya ndani ina namba ya bidhaa na lazima iwe sawa na iliyo kwenye boksi, hiyo peke yake haitoshi maana wanaokopi nao wanajua kusoma, lakini zikitofautiana ondoka. Na kuandikwa Vietnam sio dalili ya ufeki wala uorijino, viwanda vikubwa viko kule kweli, na anayekopi anaandika Vietnam vilevile.

Nikirudi kwenye mtumba, kwa maoni yangu ndio njia bora kwa sisi wa huku. Kiatu kilichokwishavaliwa kimeshapita mtihani, kama kingepasuka kingepasukia huko kilikotoka. Ubaya wake ni saizi, unapenda kiatu na mguu unakataa, na wengi tunajidanganya tunasema kitaachia. Ngozi inaachia kidogo upana, urefu hauachii. Ukiagiza Dar kwa kupiga simu na kutumiwa kwa basi ndio hatari zaidi, ukimwambia muuzaji saizi 42 kila kampuni ina 42 yake. Nike ya kiume ya 9 ya Marekani ni 42.5 ya Ulaya na 8 ya Uingereza, Adidas 9 hiyohiyo ya Marekani ni 42 na theluthi mbili na kwa Uingereza ni 8.5, na Converse All Star kwa kawaida inakuja kubwa, wengi wanashuka nusu saizi. Fanya hivi, simama juu ya karatasi jioni mguu ukiwa umeshavimba na shughuli za siku, chora, pima kwa sentimita kutoka kisigino mpaka kidole kirefu, mtumie muuzaji hiyo namba aangalie sentimita kwenye lebo. Waha wengi tuna miguu mipana mbele, mimi nikiwemo, na retro za ngozi zenye umbo jembamba kama Superstar zilinibana kwenye kidole kidogo mpaka nikaziacha dukani japo nilizitaka.

Pea ya tatu ndio niliyo nayo sasa, mwaka wa pili huu. Orijino mpya, iliteremshwa bei, laki mbili na kumi mpaka inafika Kigoma na nauli ya mzigo. Safari hii nilichagua kwa swali moja tu, fundi wangu anaweza kuishona? Ya chini, ngozi, ganda la mpira, uzi kuzunguka. Nikampelekea picha kwanza kabla sijatuma hela, akakuza kwenye simu, akasema hiyo lete. Mpaka leo haijamhitaji. Inachonisumbua ni joto, ngozi nene mchana wa Septemba mguu unachemka, soksi ya pamba ni lazima na jioni kiatu kikae wazi dirishani. Ni nzito ukitembea mbali, siku niliyotembea nayo kutoka mjini mpaka Bangwe nilichoka kuliko ilivyostahili. Na nyeupe na udongo wetu hawapatani, hilo nimelipokea, nina mswaki wa zamani na sabuni ya kipande na kitambaa, dakika tano kila Jumapili, matope yakiwa yamekauka napangusa kwanza ndio naweka maji, ukianza na maji wekundu unazama kwenye uzi na hautoki tena.

Usiloweke kwenye beseni, usianike juani, nakuomba. Jua la hapa linakausha gundi na kuigeuza soli njano, anika kivulini umejaza magazeti ndani, badilisha magazeti yakilowa. Zile za ngozi ya manyoya, yaani suede, kama Clyde, ni nzuri sana lakini kama unakaa sehemu ambayo barabara haina lami uzifikirie mara mbili, tope likishaingia kwenye manyoya hakuna fundi. Na kile kipakiti cha punje kinachokuja ndani ya boksi usikitupe, kazi yake ni kunyonya unyevu, kikichoka weka vipande vya mkaa kwenye soksi kuukuu, vinasaidia na harufu pia.

Kuna dogo jana kaniuliza hela yake ni elfu 60, anunue kopi mpya au mtumba. Nilimwambia Jumatano asubuhi twende wote sokoni, mapema kabla wachuuzi wa jumla hawajachagua, tukikosa tunarudi wiki ijayo, hela haiozi.

Na ile pea ya pili sikuitupa. Ngozi ya juu ni nzima kabisa, mara tano tu imevaliwa. Wiki mbili zilizopita fundi kanipigia simu mwenyewe, kapata raba ya mtumba imechanika juu lakini ganda lake la mpira ni zima, saizi ileile, kasema anaweza kukwangua unga wote wa ile sponji, kupachika hilo ganda na kulishona kuzunguka. Haitakuwa tena ile ya kwenye picha na lile dirisha la hewa halitakuwepo. Jumamosi naenda kuichukua, kaniambia niende na elfu kumi na tano na nivae soksi, tuijaribu palepale kwenye ngazi za soko.